Seva iko Malindi, mimi niko Lamu, na mlango umegoma

Kuna gesti moja Malindi nilikuwa nawaangalizia seva yao, kimashine cha CentOS, aina ya Linux, kimewekwa chini ya kaunta ya mapokezi, buking zote ziko humo. Mimi nafanyia kazi nyumbani Lamu, naingia kwa SSH, njia ya kuiendesha mashine kutoka mbali, natengeneza, natoka. Paswedi ya kupitia SSH nilishaizima kitambo, maana ukiiacha port 22, mlango wa SSH, wazi kwenye intaneti maroboti ya dunia nzima yanakugongea usiku kucha, yanajaribu root, admin, test. Unaingia kwa ufunguo, yaani faili ya siri iliyo kwenye laptop yako, au huingii.

Basi mfungo sita, mji umefurika watu wa Maulidi, mwenye gesti akanipigia: "Mwanangu, nibadilishie bei za vyumba, wageni wanaanza kuulizia." Nikamwambia mzee hiyo dakika mbili tu. Najaribu kuingia, Permission denied, publickey. Ufunguo uleule, laptop ileile, juzi yake nimeingia bila shida!

Nikaweka -vvv nione kila kitu, naona laptop inautoa ufunguo, seva inaukataa kimya kimya. Hapa ndipo watu huanza kutengeneza funguo mpya na kuinstoli upya, bure tu. Seva haimwambii aliye nje kwa nini imemkataa, kwa sababu huyo aliye nje anaweza kuwa mwizi, sababu inaiandika ndani, kwenye /var/log/secure, na ndani ndiko siwezi kufika.

Kwenda mwenyewe ni boti mpaka Mokowe, halafu basi la kupitia Garsen na vizuizi vya polisi njiani, siku yote imekwenda. Nikamwomba mzee anipe kijana wa mapokezi kwenye simu, achomeke skrini na kibodi, nikampa paswedi ya pale pale kwenye mashine maana hiyo inafanya kazi. Kijana hajawahi kuiona ile skrini nyeusi lakini ana subira, akaisoma ile log polepole kama mtoto wa chuoni: Authentication refused, bad ownership or modes for directory, yaani nimekataliwa kwa sababu umiliki au ruhusa za folda haziko sawa, na jina la folda ya nyumbani ya akaunti yangu.

"Andika ls -ld, itatuonyesha ruhusa, uniwekee na hiyo folda. Nini kimetokea?"

"D, R, W, X, R, W, X, R, W, X."

"W ziko ngapi?"

"Tatu, kaka."

W ni ruhusa ya kuandika: moja ya mwenyewe, moja ya kikundi, moja ya kila mtu. Hapo sikuuliza tena. Kuna fundi alikuja kuwawekea wafanyakazi mahali pa kutupia picha za vyumba, akachagua folda ya nyumbani, ikamkatalia kuandika, akapiga chmod 777, amri ya kumfungulia kila mtu kila ruhusa, akachukua chake akaenda. Hii 777 ni uvivu, mimi siiiti ufundi. Sshd, programu ya kwenye seva inayowapokea wanaoingia kwa SSH, ina kitu kinaitwa StrictModes, huja kimewashwa, haikagui faili ya authorized_keys yenye funguo zinazoruhusiwa peke yake, inakagua na folda ya .ssh inayoikaa na hata ile ya nyumbani iliyoibeba. Na ina haki, maana kama kila mtu anaweza kuandika humo, yeyote ataisogeza .ssh yako pembeni aweke yake yenye ufunguo wake, kisha aingie kwa jina lako. Yangu ya ndani ilikuwa 700 na faili 600, yaani mimi peke yangu, safi kabisa, ubovu ulikuwa ghorofa ya juu.

Nikamwambia piga chmod 755, ibaki W ya mwenyewe tu. Upande wangu huku matari yanalia barabarani, najaribu kuingia, bado! Kumbe amesikia 775, ikabaki W ya kikundi na hiyo pia haikubaliki. Nikaingia chumba cha ndani, nikamtajia saba, tano, tano, akarudia, nikaingia kwenye seva hapo hapo, sshd haihitaji hata kuwashwa upya kwa sababu inakagua kila mtu anapokuja.

Bei nikabadilisha. Picha za vyumba nikazifungulia folda yao kule /srv, kikundi kimoja cha wafanyakazi, 2775 ili kila faili mpya iwe ya kikundi. Mzee akaniuliza yule fundi amlipe ile nusu iliyobaki au vipi, nikamwambia hayo mumalizane wenyewe.