Python au Go?

Juzi mpwa wangu kaniandikia WhatsApp: "Anko, JavaScript nimeshaiva. Sasa niongeze Python au Go?" Zote ni lugha za kuandikia programu za kompyuta. Sijamjibu. Badala yake nimekaa nawaza ile ofisi yetu ya Sinza, juu ya duka la vipuri, na yule kaka wa meza ya dirishani.

Nilikuwa nakula kwa PHP, lugha nyingine, ya kutengenezea tovuti. Maduka, shule, kanisa, wote niliwatengenezea tovuti. Ila vijana wote mjini walikuwa wanahama, huyu Ruby, yule Python na Django yake, kile kiunzi cha kujengea tovuti. Python niliigusa, nikaipenda, nikaiacha. Msiniulize.

Jioni ile umeme ulikatika, laptopu yenye chaji ikabaki ya kaka peke yake. Akaandika kiprogramu cha Go cha kupokea taarifa za malipo ya simu, akanisogezea. "Haya, ongeza kitu." Nikaongeza kigeu (kijisanduku cha kuhifadhia thamani) cha jina la mteja, nikijua nitakitumia mbele ya safari. Kompaila, ile inayogeuza maandishi ya msimbo kuwa programu, ikagoma: umekitangaza, hujakitumia. Nikaikodolea macho. PHP hata kigeu ambacho hakipo ilikuwa inanung'unika kidogo tu na kusonga mbele. Hii ilinihoji kama mama mkwe. Kaka akacheka. "Kitumie au kifute. Hakuna la tatu." (La tatu lipo, unakipachika kwenye alama ya mstari wa chini (_). Alinificha makusudi.)

Nikafuta. Likazaliwa faili moja tu, megabaiti chache. Akalirusha kwenye seva kwa bando la simu yake, akaliwasha, likaanza kupokea malipo ya majaribio. Hakusakinisha chochote. Mimi nilikuwa nimeshinda siku hiyo nikipambana na seva ya mteja iliyong'ang'ania toleo la PHP 5.3, na safu zangu (orodha za data) nimeziandika kwa mabano ya mraba, ambayo yalianza kukubalika kwenye 5.4. Ukurasa mweupe, mteja anapiga simu. Nikamwambia kaka, nifundishe hii.

Nikajifunza, na gorutini zake zote, zile za kuendesha kazi nyingi kwa pamoja. Naipenda mpaka leo. Kazi za Go nilizolipwa hapa mjini, hata hivyo, ni za kutafuta kwa tochi. Wateja wangu bado wanataka WordPress, ule mfumo wa tovuti ulioandikwa kwa PHP.

Kaka mwenyewe hakukaa sana, alihamia Python. Nilipomuuliza akasema kazi za data ndiko ziliko, Go ameniachia mimi.