Koleti kwanza, endmili baadaye

Kamashine kangu ka miling, ka kuchonga chuma, kalifika Kisumu ndani ya boksi la mbao, kana chaki ya drili (kile kishikio cha meno matatu), spana mbili na ile boti ndefu ya M12 ya kuvuta kishikio kutoka juu, na mimi kwa haraka zangu nikaona basi, kila kitu kipo, kazi ianze. Kazi ya kwanza ya maana ikawa shafti ya posho mili ya mama mmoja wa Luanda ya huku kwetu Kenya. Shafti ya milimita 35, anataka mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofanya shafti na puli zizunguke pamoja, na kwa saizi hiyo kii ni ya upana wa 10 na mfereji unashuka 5 ndani ya shafti, hapo hakuna mjadala. Nikafunga endmili ya 10, kile kisu cha kuzunguka kinachochonga kwa ncha na ubavu, kwa chaki ya drili, nikakaza mpaka kiganja kikauma, nikaanza kuchonga.

Nilipomaliza nikapima kina na venia, kile kipimo cha milimita. Pale nilipoanzia ni 5, pale nilipomalizia inakaribia 7. Nikalaumu meza, nikalaumu vaisi, kumbe ni endmili ilikuwa inatoka kwa chaki polepole ikishuka. Si unajua zile njia zake zimezungushwa kama skurubu, basi ikiuma chuma inajivuta chini, na chaki ya drili inaishika kwa mistari mitatu tu ya meno, chuma kigumu juu ya chuma kigumu, hakuna pa kung'ata. Drili yenyewe ikitoboa inasukumwa irudi ndani ya chaki ndio maana haina shida, na tena haisukumwi ubavuni. Halafu kuna kitu kingine cha kuogopesha zaidi, ile tepa fupi, sehemu inayokonda kuelekea mwisho, inayounganisha chaki na shina lake haina boti yoyote ya kuivuta, kwa hivyo msukumo wa ubavuni pamoja na mtetemo unaweza kuichomoa chaki nzima ikiwa bado inazunguka. Kwangu ilishuka endmili peke yake. Bahati tu.

Nikajaza kwa welding nikachonga tena, bado na chaki ile ile, kichwa ngumu. Mama akarudi siku ya tisa. "Kijana wangu, hii kii inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza." Nikapima upana, 10 na robo. Endmili ya 10 inachonga aje 10 na robo? Ni kuyumba. Ikishikwa kando kidogo ya katikati inachora duara kubwa kuliko yenyewe, na kwa meno yale mawili, moja linakula lingine linatazama, hilo moja ndilo linakufa mapema na wewe unasema eti endmili ni feki. Shafti mpya nililipa kutoka mfukoni, na pesa niliyokuwa nimeweka ya endmili za kabaidi nikaihamisha ikaenda kwa vishikio na koleti, zile bomba fupi za chuma zenye nyufa zinazobana shina la endmili pande zote.

Sasa ukitaka kununua, angalia kwanza tundu la spindo yako, ile shina ya mashine inayozunguka. Hivi vimashine vidogo vingi ni MT3 au R8, hizo ni aina za tepa ya hilo tundu. Yangu ni MT3, na MT3 ina tabia ya kung'ang'ania, mteremko wa tepa yake ni mdogo sana hadi inajishika yenyewe, kuitoa lazima ulegeze boti ya juu nyuzi mbili tatu halafu ugonge na nyundo ya shaba, na kila unapogonga jua ni beringi za spindo zinapokea. R8 tepa yake ina mteremko mkubwa zaidi, inaachia kirahisi. Kama bado hujanunua mashine chukua R8, mimi ningejua mapema ningefanya hivyo. Na kama uko na MT3 kama mimi, usikaze boti kama unafunga gurudumu la lori, na usiache kishikio kilale kwenye spindo iliyopata moto, ikipoa inakibana, kesho yake utakuja kugonga mpaka majirani waulize kuna nini.

Mwanzoni nilitaka kishikio cha ER32, aina inayobana koleti kwa nati, kwa sababu kila fundi anasema ER32. Nikaazima ya rafiki, nikaiweka, halafu endmili, halafu vaisi juu ya meza, halafu shafti kwa vaisi, nikabaki na nafasi ya kidole kimoja. Kamashine kana urefu wa mbuzi, ukikaning'inizia kishikio kirefu unakula nafasi na pia unaongeza mtetemo. ER32 inashika hadi milimita 20 lakini mota ya wati 500 itazungushia wapi endmili ya 20? ER25 inafika 16, inatosha kabisa. Yule mwenye lethi pia, mashine inayozungusha chuma chenyewe, na anataka koleti moja itumike huku na huku, huyo namwelewa akichukua 32.

Kazi za kila siku nafanya na koleti za MT3 zenyewe, zile zinaingia moja kwa moja kwa spindo bila kishikio. Fupi, ngumu, hazitetemi. Ubaya wake ni kwamba ya 10 inashika 10 basi, na kubadilisha ni nyundo tena. ER inabana kama milimita nzima kushuka, ya 10 inashika kuanzia 9, kwa hivyo endmili ya inchi tatu kwa nane, ambayo ni 9.525, inaingia humo, na ya nusu inchi inaenda kwa koleti ya 13. Kupanda hakuna, usilazimishe 10.5 ndani ya koleti ya 10, utaipasua.

Seti nzima sikununua. Za ER nina 6, 8, 10 na 13, ya 12 nina ya MT3. Kuna vile vishikio vya skurubu ya ubavuni pia, hivyo endmili haiwezi kuchomoka, lakini shina lazima liwe limekatwa bapa na skurubu inalisukuma upande mmoja, kwa hivyo vyangu bado viko dukani.

Kitu nilichofundishwa na makosa: koleti ya ER inaingia kwa nati kwanza. Unaiinamisha, ile ringi ya ndani ya nati inadaka mfereji wa koleti, tak, unasikia, ndio sasa unaifunga kwa kishikio. Mimi nilikuwa naitupa kwanza kwenye tundu halafu nati juu, inakaa upande, na ukilegeza inabaki imekwama ndani kwa sababu hakuna kitu cha kuivuta. Na futa tepa na kitambaa kila mara, unyoya mmoja wa chuma hapo ndani unaharibu yote. Nikiweka dayo geji, saa ya kupima kuyumba, ndani ya spindo naona milimita 0.01, kwa koleti 0.03, nikikizungusha kishikio nusu duara nikirudishe wakati mwingine inashuka 0.02. Kwa hii mashine nimeridhika.

Kii siku hizi nachonga na endmili ya 8 katikati, halafu nafungua ubavu mmoja mmoja hadi kii iingie kwa kugongwa kidogo tu. Mama ameshaleta shafti ya jirani yake. Chaki ya drili bado naitumia kwa kutoboa, nimeiandika na maka peni DRILI PEKE YAKE, maana kuna kijana ananisaidia Jumamosi na ana haraka zile zile zangu.