Kumbe ni bisho tu: nilivyorusha glaida kwa mara ya kwanza

Nimekulia Tanga, na kabla ya mwaka jana kitu pekee nilichowahi kurusha ni tiara ya gazeti na njiti za mnazi. Kwa hiyo shemeji yangu, Mjerumani aliyemwoa dada yangu na ambaye Kiswahili chake ni cha Chumbageni kabisa, aliponikabidhi rimoti ya glaida, nilijua leo naaibika.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Hii ilikuwa ya povu gumu, mita moja na nusu toka ncha ya bawa hadi ncha. Alichagua povu makusudi: ya mbao ikijipigiza unarudi nyumbani na kuni, ya povu unaipaka gundi mnaendelea.

Tulipanda Wasserkuppe, mlima wa mita 950 karibu na mji wa Fulda, Ujerumani, wenye kuba jeupe kileleni lililobaki tangu rada za Vita Baridi. Tukakaa kwenye nyasi kusubiri upepo ukaze, naye akanisimulia. Vijana kutoka mji wa Darmstadt walikuja kuruka kwa glaida hapa tangu 1911. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles ukawabana Wajerumani kwenye ndege za injini, basi wakazishika zisizo nayo, na mwaka 1920 wakafanya mashindano papa hapa. Mimi nilikuwa nawaza bima. Kisheria huku hurushi bila bima, hata iwe ya povu. Nilimuuliza mara mbili kama ameilipia.

Kwanza tulipima uwiano wa uzito. Unaegesha bawa juu ya ncha za vidole viwili, penye alama, na ndege inatakiwa itulie, pua ikiinama kidogo tu. Yetu ililalia mkia. Akachomeka puani kipande cha madini ya risasi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, ikakaa sawa. Mkia ukiwa mzito, alisema, hata fundi haiokoi. Halafu rimoti huwashwa kwanza, ndege baadaye. Kuzima ni kinyume chake. Tukajaribu usukani wa mkiani: kijiti cha rimoti kushoto, usukani kushoto. Nilicheka. Yeye hakucheka, aliwahi kuangusha moja kwa uzembe wa kutoujaribu.

Akairusha yeye, akiielekeza kwenye upepo, usawa wa bega. Ukiitupa juu kama unapopoa embe, inakwama hewani kisha inakuja na pua. Upepo ukigonga mteremko hauna pa kupita ila juu, na ndege ikapanda nao. Nami nikaanza kuihangaikia: ikiinama kidogo nasahihisha, nikisahihisha inazidi, ikawa inayumba kama mlevi wa mnazi.

"Shemeji, achia kijiti! Achia!"

Nikaachia. Ikajinyoosha yenyewe.

Kasheshe ilikuja ilipogeuka kunielekea. Kushoto kwake sasa ni kulia kwangu, na kichwa changu kilikataa kulikubali hilo. Ikaingia kwenye nyasi ndefu kwa pua. Gundi, dakika kumi za kusubiri, na darasa: ikija kwako, lile bawa unaloliona limeinama, peleka kijiti upande huo huo, kana kwamba unaliwekea mto.

Safari ya pili nayo iliishia majanini, maana niligeuzia mlimani. Upepo ukaibeba hadi nyuma ya kilele, ambako hewa inajiviringa hovyo, ikabwagwa. Shemeji akaanza kunichorea ardhini: unakwenda sambamba na mteremko, ukifika mwisho unageuzia pua kwenye upepo, unarudi, unageuzia tena kwenye upepo...

"Kumbe ni bisho tu!" nikamkatiza. Baba alikuwa na ngalawa. Nimekaa mbele ya ngalawa hiyo nikiona tukipiga bisho kurudi nyumbani, yaani kwenda kwa kukata kona dhidi ya upepo, kila kona pua inapita joshini, upande upepo unakotoka. Shemeji, pamoja na Kiswahili chake chote, hakulijua neno hilo. Nikamfundisha, angalau tulipane.

Safari ya tatu ilidumu dakika 11. Nilibisha kwenda na kurudi mbele ya mlima, vidole gumba vikiwa na ganzi kwa baridi. Kutua kulinitoa jasho: nikaishusha taratibu ikitazama upepo, ikakwaruza nyasi, ikateleza, ikasimama hatua nne kutoka miguuni pangu. Shemeji akanyoosha mkono kuomba rimoti.

"Subiri kwanza, shemeji. Upepo bado upo."