Shimo la Mungu, kwa miguu

Jamani, miguu inatetemeka hadi sasa, lakini nimefika! Shimo la Mungu, lile korongo refu kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, Newala, mkoani Mtwara. Wengi wanakuja na bodaboda, wanapiga picha pale ukingoni, wanaondoka. Sisi tumeshuka hadi bondeni alfajiri, kisha tukapanda jua likiwa limeshakuwa kali.

Kupanda ndiyo kazi. Njia ni nyembamba, mchanga unateleza juu ya mawe, na kuna mahali lazima ushike mizizi ndipo unyanyue mguu. Binamu yangu alikuwa mbele, ananiambia "bado kidogo" tangu chini kabisa. Ukitokeza juu, bonde la Ruvuma lote liko wazi mbele yako, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Uzuri wake hauelezeki.

Ila aliyenijaa kichwani njia nzima ni bibi. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama, chemchemi zinatokea huko chini kwenye miteremko. Kabla ya mradi wa maji ya bomba wa miaka ya 1950, wanawake wa huku walishuka kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Bibi naye alikuwa akishuka na mama yake, mtungi kichwani, mdogo wake mgongoni. Mimi nilikuwa na chupa tu mkononi! Nawaheshimu mno wale akina mama.

Mkitaka kwenda, nendeni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Mchukueni mwenyeji anayezijua njia, na maji bebeni ya kutosha.