Kwa Jim Thorpe, mbali na kwao

Nilipomwuliza mama mwenye duka la kahawa nyumba aliyozaliwa Jim Thorpe, yule mwanamichezo wa Marekani wa zamani, alitikisa kichwa. Hakuzaliwa hapa. Hakuishi hapa hata siku moja. Na mji wote, huku milimani Pennsylvania, unaitwa Jim Thorpe!

Rafiki aliyeniendesha kutoka Philadelphia alikuwa ameshalipa dola 20 za maegesho, na kahawa yenyewe ilikuwa bei ya kuumiza. Tukavuka mto Lehigh kwa miguu, tukapanda kilima mvua ikitunyeshea hadi kwenye kaburi la Thorpe.

Ni kaburi la mawe mekundu, limechongwa yale maneno ya mfalme wa Uswidi kwamba huyu ndiye mwanamichezo bora duniani. Thorpe, mwana wa kabila la Sac na Fox kutoka Oklahoma, alishinda dhahabu mbili za Olimpiki Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata akanyang'anywa, eti aliwahi kulipwa vijisenti kwa kucheza besiboli, na Olimpiki wakati huo haikutaka wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1915 timu ya Canton Bulldogs ya Ohio ikamchukua kwa dola 250 kila mechi ya futiboli ya Kimarekani, pesa nyingi mno enzi hizo, na watu wakafurika uwanjani kumwona. Ligi ya mchezo huo ilipoundwa mwaka 1920, hii inayoitwa NFL leo, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Alifariki California mwaka 1953, hana kitu. Ndugu zake walikuwa katikati ya mazishi ya kimila huko Oklahoma mjane wake alipofika na kuuchukua mwili. Baadaye alipatana na miji miwili iliyokuwa ikififia hapa: iungane, ichukue jina la marehemu, imjengee kaburi. Wanawe walienda mahakamani kumdai baba yao, wakashindwa.

Hapo nilishindwa kujizuia, nikalia. Binamu yangu alipofia Boston tulichangishana wiki tatu, wengine wakakopa, hadi mwili ukafika Bukoba. Tulimzika kibanjani, chini ya migomba, ubavuni mwa baba yake. Hakuna aliyehesabu tena zile pesa.

Chini ya kaburi la Thorpe waliweka udongo ulioletwa kutoka Oklahoma, na mwingine wa ule uwanja wa Stockholm. Nilichuchumaa kwenye majani mabichi nikitafuta ulipo wa Oklahoma, ili niweke mkono hapo. Palikuwa na nyasi tu, zimekatwa vizuri, kila upande sawa.