Ruta Ndogo Iliyotangulia Kuamka

Mwaka 2009 nilikuwa fundi mwanagenzi katika idara ya teknohama ya kampuni moja yenye makao yake Upper Hill, Nairobi. Chumba chetu cha mitambo kilikuwa na ruta sita, yaani mashine zinazoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, zilizounganishwa kwenye swichi moja, kifaa kinachozikutanisha: mbili kubwa za makao makuu, na nne ndogo ambazo kila moja ilihudumia laini ya tawi lake mjini. Zote zilipashana habari za njia za kupitishia data kwa itifaki ya OSPF, yaani kanuni za mawasiliano ambazo ruta hufuata ili kujuzana njia hizo.

Usiku mmoja umeme ulipotea, jenereta ikachelewa kuwaka, na betri zilizolisha ruta zikaisha. Swichi ilikuwa na betri yake na haikuzimika. Tulipofika kazini asubuhi kila kitu kilikuwa kimerejea, na hakuna aliyelalamika, lakini injinia mkuu wetu hakuwa mtu wa kuamini ukimya. Aliingia kwenye ruta kubwa ya kwanza, akaita orodha ya majirani zake, akanyamaza kidogo. Ruta ya tawi la Industrial Area, iliyokuwa dhaifu kuliko zote, ilikuwa imeandikwa FULL/DR, maana yake ndiyo iliyokuwa ruta teule, ile ambayo ruta nyingine huichagua iwe kiongozi wa kusambaza habari za njia. Ndogo nyingine ilikuwa msaidizi wake. Ruta kubwa ya pili ilisomeka 2WAY/DROTHER, kama raia wa kawaida.

Nilijua kwamba ruta kubwa ya kwanza ilipewa kipaumbele, namba inayopima nguvu ya ruta katika uchaguzi huo, cha 255, ambacho ndicho cha juu kabisa, na ya pili 200, ilhali ndogo zote zilibaki na 1. Nikamuuliza, “Madam, imekuwaje ile ya 255 ikashindwa na ya 1?”

“Haikushindwa, kijana,” akanijibu. “Ilichelewa kufika.”

Alinivutia kiti, akafungua waraka wa RFC 2328, unaoweka kanuni za OSPF, ulioandikwa na John Moy na kutolewa Aprili 1998, kwenye sehemu ya 9.4 inayoeleza uchaguzi wa ruta teule hatua kwa hatua. Kwanza alitaka nielewe kwa nini ruta teule inahitajika. Ruta sita zikitaka kulinganisha hifadhidata zao kila moja na kila mwenzake, zinahitaji ujirani kamili 15, yaani jozi 15 za ruta zinazolinganisha hifadhidata. Zikiwa na ruta teule na msaidizi, zinahitaji 9 tu, na pengo hilo hupanuka haraka kadiri ruta zinavyoongezeka. Ni kama chama, alisema, ambapo mwanachama mwenye habari humpelekea katibu, na katibu ndiye huwatangazia wote. Ruta ya kawaida hutuma badiliko kwenye anwani 224.0.0.6, inayosikilizwa na ruta teule na msaidizi pekee, kisha ruta teule hulisambaza kwa wote kupitia 224.0.0.5. Mizigo ya watumiaji haipiti kwake kwa sababu ya cheo hicho. Kinachopita ni habari za njia.

Kisha akafika kwenye swali langu. Ruta inapoamka hutuma salamu kila sekunde 10, na husubiri hadi sekunde 40 isikie kama tayari kuna ruta teule. Ndogo mbili ziliamka mapema, kwa kuwa programu yao ilikuwa nyepesi. Zilipoona kiti ki wazi zilishindana zenyewe, na kwa vile vipaumbele vyao vililingana, aliyekuwa na kitambulisho, namba ya kuitambulisha ruta, kikubwa zaidi alishinda. Ruta kubwa zilichukua dakika kadhaa kuwaka, na salamu za kwanza zilizozipokea zilikuwa tayari zimetaja wenye vyeo. Itifaki haimwondoi aliyepo kwa sababu mwenye nguvu zaidi amefika. Naamini hadi leo kwamba hiyo ndiyo kanuni yenye busara kuliko zote katika OSPF, kwani kila mabadiliko ya ruta teule huzilazimu ruta nyingine kujenga ujirani upya, na mashine yenye kipaumbele kikubwa inayozimika na kuwaka ingeuvuruga mtandao mzima kila inaporejea.

Hata hivyo, ruta ile ndogo ilikuwa na kumbukumbu finyu, na Madam hakutaka ibebe kazi hiyo. Tulisubiri hadi usiku. Aliipa kipaumbele cha 0, ambacho huifanya ruta isistahili kabisa, nayo ikajiuzulu papo hapo. Nilidhani ile ya 255 ingepanda moja kwa moja, lakini aliyepanda alikuwa msaidizi, ile ndogo ya pili, na ruta kubwa ya kwanza ikachaguliwa kuwa msaidizi mpya. Tulipoipa ndogo hiyo ya pili nayo 0, kubwa ya kwanza ikawa teule na ya pili msaidizi. Ndogo mbili zilizobaki zikapewa 0 vilevile.

Kabla ya kuondoka alinituma nizime kubwa ya kwanza makusudi. Salamu zake zilikatika, muda wa sekunde 40 ukapita, na kubwa ya pili ikashika nafasi. Tuliiwasha tena ile ya kwanza, tukangoja iamke, na pamoja na 255 yake ikaingia kama msaidizi. Madam aliandika hali hiyo kwenye daftari la zamu, akaziacha zilivyo.