Mguu ulizama mzunguko wa tano, nikaambiwa ninunue masta silinda

Gari langu ni Impreza ya 2004. Kazi yake ya kwanza ni kupeleka watoto shule na mimi kazini. Ya pili, mara nne au tano kwa mwaka, ni kunikimbiza pale Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari Athi River, pamoja na watu wengine wenye akili kama zangu. Pedi nzuri nilishaweka, tairi pia. Mafuta ya breki sikuwahi hata kuyawaza. Kwa ninavyojua, yalikuja nayo kutoka Japani.

Mzunguko wa tano nikafika kwenye kona, nikakanyaga, mguu ukaenda. Ukaenda tu, kama nimekanyaga ndizi mbivu. Nikapampu haraka haraka, mara ya tatu breki zikashika kidogo, nikaishia nyasini moyo ukiwa kooni.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni ushauri. Gari likipoa pedeli hurudi karibu yote, kwa hiyo fundi alipolijaribu Jumatatu hakuona kitu. Na fundi asipoona kitu, wewe hukosi kununua kitu: "Bosi, hii masta silinda imekwisha." Yaani pampu kuu ya breki, elfu kumi na ushei. Muuza spea mmoja wa Kirinyaga Road naye akaniambia niweke mafuta ya breki ya DOT 5 badala ya DOT 4, kwa sababu tano ni kubwa kuliko nne. Nusura nitoe pesa! DOT 5 ni silikoni. Haichangamani na haya mafuta yetu ya glaikoli, na kwenye gari la ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kukwama, ni kujitafutia balaa. Ukitaka kupanda kutoka 4 unakwenda 5.1, ambayo ni ya ukoo uleule wa glaikoli. Aliyezipanga namba hizi hakutupenda.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa maji. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa polepole, hata kwa kupenya kwenye paipu za mpira. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanywa maji kama asilimia 3.7 inaruhusiwa kuchemkia 155, na breki za mbele zilizopigwa mizunguko mitano hufika huko bila kutoa jasho. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, ndiyo maana mguu unazama. Tena sisi wa huku juu vitu hutuchemkia mapema: maji ya chai Nairobi yanatokota kwenye 95 hivi, Mombasa 100.

Nikanunua chupa mbili za Motul RBF 600, mafuta ya breki ya mashindano, za nusu lita, elfu nane zikaondoka na chenji haikuwa ya kuhesabu. Imeandikwa inachemkia nyuzi 312, na watu wakiona 312 wanasahau kusoma namba ya pili, ile ya mafuta yaliyokwisha kunywa maji, ambayo ni mia mbili na kidogo tu. Gari linalolala nje na kunyeshewa mvua ya Aprili linaishi kwenye hiyo namba ya pili. Kwa hiyo nabadilisha kila mwaka, na chupa iliyofunguliwa na kubaki nusu siiweki akiba, hata ikiniuma.

Sasa aibu yangu. Jumamosi ya kwanza ya kubadilisha mafuta nilimweka mpwa wangu kwenye kiti, mimi nikalala kando ya gurudumu la nyuma na spana. Jirani ni kanisa, na kwaya ilikuwa mazoezini, spika zimeelekezwa kwetu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mjomba!"

Nikalegeza nipo, ile skrubu ya kutolea mafuta na hewa kwenye breki, mafuta yakaruka meusi kama strungi iliyosahauliwa jikoni. Nikapaza sauti, "Usiachie!" Kwaya ikameza "usi", kijana akasikia "achia", akaachia. Nipo iko wazi, ikavuta hewa kwa raha zake. Mimi sikujua. Tulizunguka magurudumu yote manne hivyo, saa mbili nzima, kijana akiachia kwa utiifu kabisa. Mwisho pedeli ilikuwa mbaya kuliko siku ile ya nyasini. Na matone niliyodondosha kwenye bodi sikuyamwagia maji papo hapo, basi jioni rangi ilikuwa imebanduka eneo la kiganja. Mke wangu aliuliza kama hiyo nayo ni ya mashindano.

Wiki iliyofuata nilimpa kijana likizo. Kwenye duka la dawa nikanunua mpira wa dripu na bomba kubwa la sindano, vyote havikufika mia mbili. Kwa sindano nilifyonza mafuta ya zamani yote kwenye kikopo cha juu, nikajaza mapya, maana kuyasukuma yale machafu kupitia paipu ni kupoteza bure. Mpira nikauchomeka kwenye nipo, ncha ya pili nikaizamisha ndani ya chupa ya soda yenye mafuta mapya kidogo, chupa nikaining'iniza juu kuliko nipo. Ukiachia pedeli inavuta mafuta, hewa haina njia. Chini ya pedeli nikaweka kipande cha ubao isifike sakafuni: masta silinda ya zamani ina kutu kule ambako mipira ya ndani yake haijawahi kufika, ukiipeleka huko inachanika, na hapo fundi wangu angeshinda kesi.

Nikapampu polepole peke yangu, nashuka, naangalia, napanda tena. Povu, strungi, povu, halafu ghafla rangi ya asali nyepesi. Nipo moja ya nyuma ilikuwa na kutu. Niliilowesha usiku kucha na kuifungua kwa spana ya pete ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili ingeila kona zake.

Nimesharudi Athi River mara mbili. Mizunguko minane mfululizo, pedeli palepale, safari hii pedi ndizo zilizotoa moshi. Fundi alinipigia juzi kuuliza kama ile masta silinda aendelee kuniwekea. Nimemwambia aiweke tu.